Kisu cha Tezi Dume: Una Muda wa Kuuliza

Leo nazungumza na wanaume, hasa waliovuka miaka 45, na ninaomba wake zao wasogee karibu na redio, maana ugonjwa huu ukimpata baba, nyumba nzima imeupata.

Naanzia Marekani. Tarehe 22 Desemba 2023, Waziri wa Ulinzi wa nchi ile, Lloyd Austin, mwanamume mweusi wa miaka 70 na jenerali mstaafu, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed. Saratani ilikuwa imeonekana mwanzoni mwa mwezi huohuo. Alipigwa nusu kaputi, akapasuliwa kwa njia isiyoacha jeraha kubwa, na kesho yake akaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya mwaka mpya akarudishwa hospitali kwa gari la wagonjwa, ana maumivu makali ya tumbo, nyonga na mguu. Njia ya mkojo ilikuwa imeshambuliwa na vijidudu, na maji yalijikusanya tumboni mpaka utumbo ukashindwa kufanya kazi yake. Akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Muda wote huo mkubwa wake wa kazi, Rais Joe Biden, hakuwa na habari kwamba waziri wake ana saratani. Aliambiwa tarehe 9 Januari 2024. Madaktari wakaeleza kwamba ugonjwa uligunduliwa mapema na matumaini ya kupona ni makubwa sana. Austin akaja mbele ya waandishi wa habari, akaomba radhi kwa kuficha.

Kisa hiki kilizungumzwa sana kwa sababu ya siasa. Mimi kinanigusa kwa sababu nyingine. Huyu ni mtu aliyeambiwa mapema, ugonjwa ukiwa bado haujatoka mahali pake. Mtu wa namna hiyo ana kitu ambacho wazee wetu wengi hawakipati: ana nafasi ya kuchagua. Na anayechagua anahitaji kujua anachagua nini.

Kwa hiyo tuweke mambo sawa kwanza, kwa kuwa katika vijiwe vyetu habari za upasuaji wa tezi dume zimechanganywa mno. Tezi dume ni kiungo kidogo, kwa kijana kina uzito wa gramu 20 hivi, kimekaa chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Umri ukisogea hukua, na kwa wanaume wengi ukuaji huo si saratani. Mzee anaamka usiku mara nne, mkojo unatoka kwa kukatikakatika, wakati mwingine unaziba kabisa na anawekewa mpira. Hapo daktari anaweza kupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama iliyobana, au kupasua tumbo na kuitoa nyama hiyo ya ndani. Ganda la tezi linabaki.

Hapo sikiliza vizuri. Saratani nyingi za tezi dume, karibu 70 katika kila 100, huanzia sehemu ya nje, yaani kwenye lile eneo linaloachwa baada ya kukwangua. Mzee aliyekwanguliwa miaka kumi iliyopita akasema, "Mimi tezi dume nilishatolewa, hainihusu tena," anajidanganya bila kujua. Bado anahitaji kupima.

Kuna upasuaji wa pili unaotisha watu kuliko wote: kuondolewa korodani. Huu upo kweli. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba ukiikata homoni hiyo ugonjwa hunywea. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Lakini ni tiba ya mtu ambaye ugonjwa umeshasambaa, mara nyingi kwenye mifupa. Hapa kwetu wanaume wengi hufika wakiwa katika hali hiyo, ndiyo maana upasuaji unaojulikana mitaani ni huo, na ndiyo maana kijana wa miaka 50 akisikia "tezi dume" na "upasuaji" katika sentensi moja anakimbilia kwa muuza mitishamba. Anadhani atahasiwa. Mwenye saratani ya hatua ya mwanzo hatolewi korodani.

Upasuaji wake ni wa tatu: kuitoa tezi dume nzima, pamoja na vifuko viwili vya manii vilivyoshikana nayo, na pengine matezi ya limfu ya jirani ili yachunguzwe. Tezi ikishatoka, kibofu kinabaki kimeachana na mrija wa mkojo. Daktari anavivuta pamoja na kuvishona mzunguko mzima juu ya mpira, na mpira huo unabaki kwa wiki moja hadi mbili mpaka mshono ushike.

Mtu wa kwanza kuufanya kwa utaratibu kamili na kuutangaza alikuwa Hugh Hampton Young, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mwaka 1904. Alipitia eneo lililo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa Ireland, Terence Millin, alionyesha njia ya kupitia chini ya kitovu, nyuma ya mfupa wa kinena. Saratani ilitoka, lakini wanaume walilipa gharama kubwa. Damu ilimwagika nyingi kiasi kwamba mpasuaji alifanya kazi kwa kupapasa zaidi ya kuona. Na karibu kila aliyepasuliwa alipoteza nguvu za kiume. Kwa miaka zaidi ya 70 madaktari walilikubali hilo kama bei ya uhai. Waliamini mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita ndani ya tezi yenyewe, kwa hiyo haiwezekani kutoa kimoja ukaacha kingine.

Mwaka 1981, Patrick Walsh, naye wa Johns Hopkins, alikwenda Leiden, Uholanzi. Huko alikutana na Pieter Donker, profesa mstaafu, ambaye alikuwa akiichambua mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu kwa kutumia mwili wa mtoto mchanga aliyezaliwa amekufa. Katika maiti za watu wazima mishipa hiyo humezwa na mafuta na kugandamizwa isionekane. Kwa kichanga inaonekana. Walsh akamuuliza mishipa ya kusimamisha uume iko wapi. Donker hakuwahi kuitafuta. Wakaanza kuifuata wawili, uzi kwa uzi, na baada ya saa chache wakaiona: inapita nje ya ganda la tezi, pembeni kulia na pembeni kushoto, imeambatana na mishipa midogo ya damu. Haikuwa ndani hata kidogo.

Walsh alikuwa ameshavumbua namna ya kuidhibiti damu, hivyo sasa aliweza kuona anachokifanya. Tarehe 26 Aprili 1982 alimpasua mgonjwa wa miaka 52 kwa nia ya kuiacha mishipa hiyo pande zote mbili, na mgonjwa akarudiwa na nguvu zake. Kila mpasuaji wa tezi dume duniani leo, awe na kisu mkononi au amekaa kwenye mashine, anafuata ramani ile ya Leiden. Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu wapo wazee wanaokataa upasuaji kwa habari za babu zao, habari zilizokuwa kweli mpaka mwaka 1982.

Ila kuachwa kwa mishipa hakutolewi kama ahadi. Ikiwa saratani imeigusa, daktari mwaminifu ataikata upande huo, maana anaondoa ugonjwa kwanza. Na hata ikiachwa yote, imevutwa, imesumbuliwa. Inaweza kulala miezi, wakati mwingine mwaka mmoja au miwili, kabla ya kuamka. Kwa wengine haiamki.

Siku hizi mgonjwa huulizwa: unataka kupasuliwa kawaida, au kwa matundu, au kwa roboti? Upasuaji wa matundu ulipata nguvu Paris mwishoni mwa miaka ya 1990. Roboti ilifuata mwaka 2000, kwanza Frankfurt, kisha Detroit alikoistawisha daktari mzaliwa wa India, Mani Menon. Roboti haipasui yenyewe, wala usimwamini anayekwambia kwamba inapasua. Daktari anakaa pembeni, anaangalia picha iliyokuzwa, anachezesha vishikio, na mikono myembamba ya mashine inafuata vidole vyake ndani ya tumbo. Damu inayopotea ni kidogo, na mgonjwa hutoka wodini mapema. Hizo ni faida za kweli.

Lakini je, mgonjwa anazuia mkojo vizuri zaidi na anapata ndoa imara zaidi? Huko Brisbane, Australia, waliwagawa wanaume zaidi ya 300 kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa kwa roboti, nusu kwa mkono. Matokeo ya mwanzo yalitoka mwaka 2016 na ya miaka miwili mwaka 2018. Kwenye kuzuia mkojo na kwenye nguvu za kiume hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Wapasuaji wenyewe walikuwa wazoefu. Kwa hiyo ndugu yangu unayefikiria kuuza shamba ili uende nje kufuata mashine, swali langu kwako ni hili: bingwa aliye karibu nawe ameshatoa tezi ngapi za saratani kwa mkono wake? Ikiwa ni nyingi na anaendelea kila mwezi, shamba lako liache. Ikiwa ni mbili tatu kwa mwaka, tafuta mwingine, awe na roboti au asiwe nayo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huwashangaza wengi: si kila saratani ya tezi dume inahitaji kuguswa. Ukipimwa damu na kipimo cha PSA kikiwa juu, hiyo pekee siyo saratani. Tezi iliyokua au yenye maambukizi nayo hupandisha. Linalothibitisha ni kinyama kinachochukuliwa kwenye tezi. Mtaalamu wa maabara anakitazama kwa hadubini na kukipa alama iliyobuniwa na daktari Donald Gleason katika miaka ya 1960. Kwa sasa inayohesabika huanzia 6 hadi 10. Sita ni saratani inayotambaa polepole, pengine haitamfikisha mtu kaburini hata akiishi miaka 20. Nane, tisa na kumi zina haraka. Saba iko katikati, na hapo ndipo mazungumzo marefu huwa. Omba karatasi ya majibu hayo, itunze nyumbani kama unavyotunza hati ya kiwanja.

Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2009, walipima damu za wanaume zaidi ya 82,000 wa umri wa miaka 50 hadi 69. Waliokutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wakakubali kushiriki, walikuwa 1,643. Wakagawanywa makundi matatu: wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo, watibiwe ugonjwa ukichachamaa. Majibu ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 katika kila 100, na tofauti kati ya makundi yote matatu ilikuwa ndogo mno. Ila angalia na upande wa pili: waliofuatiliwa tu, ugonjwa ulisambaa kwa 9 katika 100, wakati kwa waliopasuliwa ni chini ya 5, na kwa waliopigwa mionzi ni 5. Na zaidi ya nusu ya wale waliofuatiliwa walikuwa wametibiwa mwisho wa hiyo miaka 15.

Mimi nazisoma hesabu hizo hivi. Mwenye alama 6 hana sababu ya kukimbilia kisu. Anahitaji daktari wa kumfuatilia na nidhamu ya kurudi. Mwenye 7 na kuendelea, aliye na afya ya kutarajia miaka kumi au zaidi mbele yake, upasuaji au mionzi ni maamuzi ya maana, na huko Sweden na nchi jirani utafiti ulioanza mwaka 1989 ulionyesha kwamba waliopasuliwa waliongezewa wastani wa karibu miaka 3 ya maisha kuliko walioachwa. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu asipelekwe thieta kwa saratani inayotambaa. Na tahadhari moja nzito kwetu: karibu wote katika utafiti wa Uingereza walikuwa wazungu. Watu wenye asili ya Afrika huugua zaidi na hufa zaidi kwa saratani hii, kwa hiyo "kufuatiliwa" kwetu kuwe kufuatiliwa kweli, kwa damu na kwa kinyama cha marudio. Kukaa nyumbani na kuomba heri hakuhesabiki.

Niseme sasa habari ya gharama ya mwili, bila kupakaza asali. Katika utafiti uleule wa Uingereza, miezi sita baada ya upasuaji, wanaume 46 katika 100 walikuwa wanavaa pedi kwa sababu mkojo unachuruzika. Baada ya miaka sita walibaki 17. Mkojo huponyoka ukikohoa, ukicheka, ukiinua ndoo. Msikitini unawaza udhu, kanisani unawaza kiti. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile unayoikaza unapotaka kukata mkojo katikati, husaidia. Yaanze kabla ya upasuaji na yaendelee mpira ukishatolewa. Nguvu za kiume: kabla ya matibabu, 67 katika 100 walikuwa nazo za kutosha tendo la ndoa. Miezi sita baada ya kupasuliwa, 12. Mionzi, 22. Waliofuatiliwa tu, 52. Baadaye hurudi kwa sehemu, na vidonge husaidia wengi, vikitolewa na daktari na si vya kununua stendi. Hata hisia ya kufika kileleni inabaki, ila manii hayatoki tena. Anayetaka mtoto mwingine aseme mapema, kabla ya tarehe ya upasuaji, mbegu zake zihifadhiwe mahali penye huduma hiyo.

Nimewasikia wanaume wakisema, "Bora nife." Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na wake zao nao hawakubaliani. Nimezungumza na mama mmoja ambaye mumewe alificha karatasi za hospitali miezi mingi kwa kuogopa atadharauliwa chumbani. Aliniambia, "Angeniuliza, ningemjibu kwa neno moja: kaa." Mama huyo sasa ni mjane. Ndiyo maana nasema mke aingie kwenye chumba cha daktari tangu siku ya kwanza, akae, asikie, aulize.

Kuna hesabu nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviandiki. Mionzi haikati mwili, na kwa saratani ya mwanzo inaponya sawa na kisu. Ina matatizo yake, hasa ya utumbo na haja kubwa. Lakini mtu huitwa siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa. Kwa mkazi wa Kinondoni, hospitali ya saratani ya Ocean Road iko jirani. Kwa mkulima wa Kasulu, kukaa Dar es Salaam au karibu na hospitali ya Bugando pale Mwanza muda wote huo ni kodi ya chumba, chakula, na msimu wa kulima uliopotea. Upasuaji ni kulazwa mara moja na kurudi kutolewa mpira. Moshi, katika hospitali ya KCMC, wapo mabingwa wa mfumo wa mkojo waliofundisha madaktari wa ndani na nje ya Tanzania. Muhimbili wapo, Kenyatta ya Nairobi wapo. Umbali na kipato ni sababu halali kabisa ya kuchagua tiba moja badala ya nyingine, na daktari anapaswa kukuuliza habari hiyo kama anavyokuuliza sukari na presha.

Tena upasuaji una jambo ambalo mimi naliona kubwa. Tezi ikishatolewa, inakatwa vipande maabara na kusomwa yote, kwa hiyo unajua ulichokuwa nacho. Na kipimo cha PSA, wiki sita hivi baadaye, kinatakiwa kiwe kimeshuka mpaka karibu na sifuri. Kikianza kupanda tena na kufika 0.2, madaktari wanajua kuna mbegu ya ugonjwa imebaki, na mionzi bado inaweza kutumika. Ukianza na mionzi, kuja kupasuliwa baadaye ni kazi ngumu na ya hatari zaidi.

Baba, ukiambiwa una saratani ya hatua ya mwanzo, huhitaji kuamua jioni hiyo. Baada ya kinyama, wapasuaji wengi hupenda kusubiri wiki kadhaa ili tezi itulie, na wiki hizo ni zako. Rudi na mkeo au mwanao mkubwa, mwende na daftari. Muulize daktari alama yangu ni ngapi, na imeshika pande zote au upande mmoja. Umeona dalili kwamba imetoka nje? Nikifuatiliwa tu, utanipima nini na kila baada ya muda gani? Mishipa ya fahamu utaweza kuiacha, na upande upi? Nikikuomba nizungumze na bingwa wa mionzi kabla ya kuamua, utaniandikia barua? Kisha muulize yeye mwenyewe, kwa adabu lakini bila kuona haya: mwaka huu umefanya wangapi, na katika hao, wangapi baada ya mwaka mmoja hawavai pedi tena. Daktari anayeweka kumbukumbu za wagonjwa wake atakupa namba. Akikasirika kwa sababu umeuliza, chukua karatasi zako za majibu, mshukuru, nenda kwa mwingine. Wiki bado unazo.